Chini Pameungua

Saa kumi na mbili kasoro, kengele ya mlango
inalia kama kijiko kilichoanguka.
Nimetoka zamu ya usiku, kufua shuka za hospitali,
mikono bado inanuka jiki,
nami nakaa pale pale, kiti cha tatu toka kwa keshia,
kile chenye mpasuko uliozibwa kwa utepe.

Hapa Meridian, kona inayotazama reli,
hakuna anayesoma menyu.
Earlene anakuona tu unaegesha gari, anapaza sauti dirishani:
"Uji wa mahindi, mayai macho mawili, soseji, biskuti mbili!"
Na ukija na uso wa msiba
anakuongezea ya tatu, haiandiki.

Biskuti, lakini usidhani ile ya pakiti,
kavu, ya kuchovya chaini.
Hii hufura kama shavu la mtoto aliyenuna.
Ukiipasua inapumua mvuke, siagi inazama,
kisha unaimwagia mchuzi mweupe wa maziwa na pilipili manga
mpaka sahani ipotee.
Miaka thelathini na mmoja Ozella ameikanda kwa mkono wa kulia,
hapimi unga. Ukimuuliza kiasi gani,
anajibu: "Mpaka utoshe."

Mkono huo sasa umo ndani ya plasta.
Ngazi za kanisa, mvua ya Jumapili.
Leo, mara ya kwanza, Ozella ameketi upande wetu wa kaunta,
hana aproni, hajui aweke wapi viwiko,
anapangusa meza safi kwa leso.
Jikoni yumo Javaris, mjukuu, miaka kumi na tisa,
kofia kaigeuza nyuma,
anaisemesha oveni kama mtu anayembembeleza mbwa asiyemjua.

Tulisikia harufu kabla ya kuona.

Earlene akaleta sahani huku akiitazama dari.
Juu, dhahabu. Chini, mkaa.

Sasa, Bwana Purvis Gandy.
Huyu alistaafu reli, hakustaafu kulalamika.
Kahawa kwake ama imepoa ama inababua,
na uji wenye sukari aliwahi kuurudisha jikoni,
akisema sukari ni ya watoto na watu wa kaskazini.
Tulimtazama akiigeuza biskuti,
akaigonga kwa ukucha: ko, ko.
Huko ndani mwiko ukanyamaza.

Akaipasua. Akatafuna muda mrefu,
kama mtu anayesoma barua ya serikali.
"Kijana," akaita, "lete nyingine."

Basi sote tukala.
Sikukwangua hata chembe.
Dereva mmoja wa lori la magogo, mpita njia,
alifunua mdomo aseme neno;
Earlene akamjazia kikombe hadi ukingoni,
akasimama hapo hapo na birika,
mpaka mdomo ukajifunga wenyewe.

Ozella aliinua ya kwake kwa mkono wa kushoto,
mkono usiozoea kazi,
akainusa, akachungulia chini
kama unavyomkagua mtoto nyuma ya masikio.
Nikadhani atalia. Nikadhani atacheka.
Akavuta kopo la jemu ya pichi,
akapaka palepale palipoungua, nene,
akala, na makombo akayafuata
kwa ncha za vidole zilizochomoza kwenye plasta.

"Oveni ile," akakiambia kikombe chake,
"hudanganya kwa nyuzi ishirini.
Sikumwambia."

Nje inapita treni ya mizigo, vijiko vinagongana,
hakuna anayeongea mpaka behewa la mwisho.
Nalipa dola tisa, naacha tatu,
nafunga biskuti moja kwenye karatasi
kwa ajili ya binti yangu.
Ataamka, ataigeuza, ataniuliza mbona nyeusi,
na mimi nina usingizi,
na sijui nianzie wapi.